Ninalipia Megabiti 40, Ninapata 9

Kwa wiki tatu intaneti ya nyumbani kwangu, mtaa wa Umoja, ilikuwa ikijikokota, ilhali kila mwezi ninalipia megabiti 40 kwa sekunde. Simu ilipima 9 tu.

Kabla ya kulalamika nilijikagua hesabu: biti 8 hufanya baiti 1, kwa hiyo faili inayopakuliwa kwa megabaiti 5 kwa sekunde tayari inatumia kasi yote niliyoilipia. Kisha nikazima vifaa vingine, nikaunganisha kompyuta kwa waya na ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, na asubuhi hiyo nikapata 38. Kumbe kikwazo kilikuwa Wi-Fi. Katika majengo yetu ya ghorofa, ruta za majirani hugombania masafa ya redio ya gigahezi 2.4, ambayo kwa kawaida yana chaneli (njia za mawimbi) tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nilihamia masafa mengine ya Wi-Fi, gigahezi 5, nikaiondoa ruta nyuma ya televisheni (nilikoiweka mwenyewe, nakiri), na simu ikafika 34 sebuleni, ingawa chumbani, nyuma ya ukuta wa mawe, masafa hayo hudhoofika upesi.

Hata hivyo, saa mbili usiku waya uleule ulitoa 15. Hapo ruta haina lawama, kwani laini ya kebo hugawanywa miongoni mwa nyumba nyingi ambazo wakati huo zote zinatazama video. Niliandika vipimo vya siku saba pamoja na saa zake, nikavituma kwa mtoa huduma. Fundi aliyekuja alibadilisha kiunganishi kilichoshika kutu nje ya ukuta. Usiku sasa ninapata 27, nami bado ninadai zilizosalia.