Jumamosi kwenye banda la farasi

Jumamosi usiku

Nimerudi ninanuka samadi, nguo zote zimeingia mashine. Leo nilipangiwa kutembea ubavuni mwa kijana mwenye mtindio wa ubongo aliyepanda farasi: mkono wangu juu ya paja lake, mwenzangu upande wa pili, wa tatu ameshika kamba mbele. Mpandaji mmoja, watu watatu. Hapa Uingereza chama cha kitaifa cha kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu kipo tangu 1969, na bila sisi wa kujitolea kingekwama.

Alipopandishwa, mapaja yalikuwa yamekakamaa, miguu haitaki kutanuka. Tulipozunguka uwanja kidogo, nikausikia msuli ukilegea chini ya kiganja changu. Si muujiza. Mwili wa farasi una joto la kama nyuzi 38, na akitembea, nyonga za aliyempanda huchezeshwa mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, karibu sawa na za mtu anayetembea mwenyewe. Kiwiliwili kinalazimika kujisawazisha kila hatua. Mtaalamu wa viungo akisema "simama" kisha "twende", hilo nalo ni zoezi.

Mpanda farasi Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, akiwa mjamzito. Chini ya magoti hakupona, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki kule Helsinki, akishindana na wanaume wazima wa viungo.

Mimi mtoto wa Lamu, nimekulia na punda; farasi nilimwogopa. Huyu mnyama kaumbwa kuwindwa, kwa hiyo anakusoma mwili. Ukimjia na hasira zako, masikio yanalala nyuma, anakukwepa. Unajikuta unashusha mabega na kuvuta pumzi ndefu ili tu akubali kupigwa brashi. Ndiyo maana huletwa hata askari wenye majinamizi ya vita, wengine wala hawapandi.

Ila wanaodai farasi anaponya usonji wananichosha. Anatuliza, anasaidia, dawa na daktari viko palepale. Na mwenye kifafa kisichodhibitiwa asipandishwe kabisa.

Kijana alipopita mbele ya mama yake akapaza sauti, "Mama, leo mimi mrefu kukushinda!"

Wiki ijayo nahamishiwa kwenye kamba. Farasi niliyepewa anapenda kutafuna mikono ya makoti, basi nitavaa lile kuukuu.