Soketi ya Tela

Julai 2011 nilikuwa na Land Cruiser inayokunywa maji kushinda ng'ombe. Asubuhi nafungua rejeta, namimina lita moja na nusu, naenda kazini, narudi. Kesho yake kiu ni ileile. Nikiinama chini ya gari, pakavu. Moshi mweupe hakuna. Oili kwenye stiki ni nyeusi ya kawaida ya dizeli, haijageuka uji. Maji yalikuwa yanaenda wapi?

Ilikuwa HJ60, ile yenye injini ya 2H, silinda sita mstari mmoja, cc 3,980, usukani kushoto. Nililinunua Singida kwa jamaa ambaye naye alilichukua kwa mhandisi wa visima, Mnorwei, aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Mchana nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Dodoma. Jioni na Jumamosi nilijitafutia. Mpango ulikuwa kubeba zabibu za wakulima wa Mpunguzi kuzileta mjini, na msimu wa Agosti ulikuwa umeshanusa mlango.

Fundi wangu alikuwa na gereji Kizota, chini ya mti, na bati tatu za kuzuia jua. Nilipomweleza, hakufungua hata boneti.

"Mwalimu, hiyo silinda hedi gasketi, maji yanavujia ndani ya injini. Tunashusha hedi, inaenda kusawazishwa, tunaweka gasketi mpya. Laki tatu na themanini, na hapo nimekuonea huruma."

Kwa mshahara wangu wa wakati ule, huruma hiyo ilikuwa inauma. Nikamwomba angalau aioshe injini kwanza, tuione. Alikubali kwa shingo upande, akampa dogo wake kopo la dizeli na brashi.

Dogo alisugua kama nusu saa. Sisi tulikuwa tumekaa juu ya tairi tunakunywa kahawa, mara tukamsikia: "Fundi, hii nayo ni nini?"

Tukaenda kuchungulia. Ubavuni mwa bloku, kile kiwiliwili cha chuma cha injini, upande wa chini, kulikuwa na safu ya vile vikombe vya bati vilivyogongelewa. Fundi alinieleza, na hapo alikuwa anajua anachosema, kwamba bloku kiwandani humiminwa kuzunguka mchanga, na matundu yale ndiyo wanayotolea mchanga kabla ya kuyaziba kwa vikombe. Sasa kikombe kimoja hakikuwepo. Mahali pake palikaa kidude cha duara, upana wa kifuniko cha dumu, na katikati yake plastiki nyeusi yenye pini mbili za shaba. Kwenye pini kulikuwa kumechomekwa waya mnene unaopita pembeni mwa rejeta kwenda mbele ya gari. Na chini ya kidude, kwenye chuma cha bloku, ulishuka mstari mweupe, mwembamba, mgumu ukiugusa kwa ukucha. Dogo aliupitishia kidole, akakionja.

"Chumvi."

Anayekaa Dodoma haambiwi habari ya chumvi. Maji niliyokuwa namimina yalikuwa ya kisima, na sufuria yetu nyumbani ilikuwa na ukoko uleule. Maji yalikuwa yanachuruzika pale kidogo kidogo, yanakaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajafika ardhini. Yanaondoka, yanaacha chumvi.

Ungedhani mjadala wa gasketi ungeishia hapo. Wapi. Ulianza mwingine, wa jina la kidude.

Fundi alisema ni sensa ya joto. Dogo akamwonyesha sensa ya joto, iko juu, na waya wake mmoja. Basi ni sensa ya oili. Jirani wa gereji ya pili, mtaalamu wa Fuso, akaja na spana yake mkononi, akainama, akasema kwa sauti ya hakimu kwamba hicho ni kifaa cha kuzuia wizi, Wazungu hawaaminiani. Dereva wa bajaji aliyekuja kujaza upepo alisema kinapunguza ulaji wa mafuta, ing'oeni mtajuta.

Nisiwacheke sana, kwa sababu mimi nilikuwa nimewatangulia. Ule waya ulikuwa unatokeza mbele, chini ya grili, ukiwa na kichwa cha pini tatu chenye kifuniko cha mpira. Tangu nilinunue gari nilikuwa naulizwa ni wa nini, na nilikuwa najibu bila kupepesa macho: "Soketi ya tela." Tela linafungwa nyuma. Waya uko mbele. Miezi minne nilikuwa nasema hivyo na hakuna aliyenipinga, pengine kwa sababu ni mwalimu.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja fundi wa majokofu na pasi, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Alikuja kuazima bisibisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnachungulia nini humo, kuna nyoka?"

Tukampisha. Hakusema jina lolote. Aliomba kitambaa na tone la petroli, akafuta ukingo wa kile kidude taratibu kama anayefuta uso wa mtoto, kisha akavaa miwani. "Dogo, wewe una macho. Soma."

"V 220. W 550."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Gari lina betri. Volti mia mbili na ishirini zinatoka ukutani. Akaenda kibandani kwake, akarudi na mita, akagusisha pini mbili. Ikasoma omu 88, yaani ukinzani wa umeme. Akachukua kijiti, akaandika mchangani: mia mbili na ishirini zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa mia tano na hamsini. Themanini na nane kamili.

"Hiki ni kipasha maji," alisema. "Ndugu yake yuko kwenye birika. Mwalimu, gari hili limetoka wapi?"

"Norwei."

"Na huko kuna nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka najikuna shingo. Kidato cha tatu nilikuwa nawafundisha, mwaka hadi mwaka, kwamba bandari za Norwei hazigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki ya Kaskazini. Nilikuwa nachora mishale ubaoni. Sikuwahi kujiuliza gari lililolala nje kule, mbali na bahari, huamkaje. Oili imekuwa nzito kama asali, dizeli nayo inataka kuganda, betri imelegea. Jioni mwenye gari anachomeka waya ukutani, maji ndani ya bloku yanakesha na uvuguvugu, asubuhi stata inazunguka bila kulalamika.

Mzee alitaka tujaribu. Tukajaza maji rejeta hadi juu, akahakikisha kila mtu ana ndala miguuni, tukavuta ekstensheni kutoka kibandani kwake hadi kwenye ile soketi yangu ya tela. Kichwa hakikulingana na chetu, akakata, akafunga pini ya hapa. Akawasha. Kimya. Jua lilikuwa linazama na ule upepo wa Julai unaopekua mashati ulikuwa umeshaanza. Baada ya kama dakika arobaini dogo aliweka kiganja kwenye bloku, akakiacha pale.

"Lina homa," alisema.

Tukaweka viganja wote, hata yule mtaalamu wa Fuso, tumezunguka injini isiyonguruma, tunaota joto lake. Kizota.

Kukitoa ilikuwa kazi ya robo saa: mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, ndipo maji yalipopatia njia. Tukapima tundu, dogo akatumwa mjini kutafuta kikombe cha saizi ile, fundi akakigongelea. Elfu tatu ya kikombe, elfu ishirini ya ufundi. Gasketi haikutajwa tena, ila fundi alinidai elfu mbili za dizeli ya kuoshea. Kidude alikichukua mzee, sikumuuliza cha nini.

Waya wa mbele tulisahau kuutoa. Jumamosi ya kwanza ya msimu, narudi kutoka Mpunguzi na kreti za zabibu, trafiki alinisimamisha, akazunguka gari, akaukamata ule mkia na kichwa chake kipya.

"Mwalimu, huu wa nini?"

Safari hii nikamweleza kweli yote, kwamba ni wa kuchomeka gari ukutani usiku lisishikwe na baridi. Alitazama jua la saa saba. Akatazama waya. Akanirudishia leseni.

"Ungesema tu ni wa tela."