Kompyuta ya gemu niliyoibeba kwenye sanduku la safari

Msimu wangu wa kwanza wa baridi huku, giza lilikuwa linaingia saa kumi jioni. Natoka kazini, naingia chumbani, nabaki nikitazamana na ukuta. Mdogo wangu aliyebaki nyumbani ndiye aliyeanza: "Kaka, tafuta kompyuta tucheze mpira mtandaoni, angalau tuwe tunatukanana kama zamani." Laptopu ya masomo nilikuwa nayo, ila ukiiwashia gemu feni inalia mpaka jirani anagonga ukuta.

Mpya sikuiwezea. Lakini maofisi huku hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa mkupuo. Hizo ndizo za kuwinda. Hazijateswa, kazi yao ilikuwa kuandika barua na kujumlisha hesabu. Nikapata Dell OptiPlex 9020, ile ya kava dogo, yaani boksi dogo la mashine. Muuzaji akanionyesha kibandiko: "Core i5 hiyo, ndugu." Mimi nikatikisa kichwa kama fundi. Nikaitia kwenye sanduku lilelile nililoingia nalo nchi hii, nikapanda tramu. Abiria mmoja akaniuliza kama nahama.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba i5 ni jina la ukoo tu wa prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Wa kwanza walitoka 2009, na ukoo umezaa sana tangu hapo. Anayekueleza ukweli ni namba inayofuata: yangu ni i5-4590, maana yake kizazi cha nne. Ningepata i5-8500, ya kizazi cha nane, ningekuwa na koa (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) sita badala ya nne, na Windows 11 ingeikubali. Hii yangu inakataliwa, na Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo leo ukienda kununua, usiulize "ni i5?" Uliza kizazi.

Halafu ikaja kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, na hapa ndipo nilipolia. Nilichagua GTX 1050 Ti kwa hesabu nzuri kabisa. Pawa saplai yangu, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati 255 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, ila sloti yenyewe ya mazabodi (ubao mkuu unaochomekewa kila kitu) inaweza kutoa hadi wati 75, na kadi nyingi za aina hiyo zinatosheka na hizo. Umeme nilipiga hesabu. Kimo sikupima. Nimepiga magoti sakafuni, bisibisi mdomoni, nachomeka kadi: inaingia vizuri, inakaa, halafu bati lake la nyuma limejitokeza juu ya kava vidole viwili. Mfuniko haufungi. Nikacheza wiki nzima kompyuta ikiwa wazi, vumbi likijimwagia ndani, huku najidanganya kwamba ndivyo inavyopoa vizuri.

Kava dogo linataka kadi ya kimo kifupi. Zipo, hata za 1050 Ti hiyohiyo, lakini ni adimu na wauzaji wanalijua hilo. Kama nafasi unayo, chukua kava kubwa tangu mwanzo. Na usijiambie utabadilisha pawa saplai baadaye: mazabodi ya 9020 inatumia plagi ya pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina ya pini 24, kwa hiyo bila adapta huendi popote.

Kadi ya pili nilikuwa nimeshapata akili. Nilikwenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi, nikaomba tuwashe mbele yangu. Kuna matapeli wanaochukua kadi kuukuu, wanaiandika upya programu yake ya ndani iseme ni 1050 Ti, na Windows inaamini. GPU-Z mara nyingi huwaumbua. Pia niliacha gemu izunguke dakika ishirini, maana kadi mbovu huvumilia tano za mwanzo. Watu wanaogopa sana kadi zilizochimbia sarafu za kidijitali, zilizojaa sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Mimi siziogopi hivyo. Mara nyingi kinachotangulia kuchoka ni feni, na feni inabadilishwa.

Mengine yalikuwa madogo. Ramu nilikuta kipande kimoja cha GB 8, nikaongeza pacha wake, na gemu ikaacha kukwamakwama. Hakikisha tu ni ramu ya aina ya DDR3 kama mashine ni ya enzi hizo; DDR4 haiingii hata uisukume. Hadidiski nikaitoa, nikaweka SSD, diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani. Ah, na kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uone kama ofisi iliyoiuza iliacha nywila.

Jumapili ya kwanza mdogo wangu alinifunga nne kwa moja. Nikasingizia umbali wa seva. Akanijibu, "Seva ndiyo iliyomwacha beki wako amelala?" Kisha akaniuliza ile kadi ndefu iko wapi, kwa sababu yeye kava lake ni kubwa. Nikamwambia iko juu ya kabati. Sasa haiko tena juu ya kabati. Nimeirudisha kwenye mfuko wake, nikaiviringishia soksi mbili za sufu, nikailaza ndani ya sanduku. Tiketi bado.