Mdalasini Ndani ya Kababu

Jana usiku, watoto walipokwisha kulala, nilirudia filamu ya Kigiriki niliyoitazama zamani, Politiki Kouzina ya Tassos Boulmetis, iliyotoka mwaka 2003. Mara ya kwanza nilivutiwa na vyakula tu. Safari hii nilijikuta nikiwatazama wale wanaokizunguka chakula, nikishangaa jinsi watu wanaohesabiwa kuwa wamoja walivyo mbalimbali.

Jina lenyewe ni fumbo. Mkazo ukiwekwa mahali pamoja, maana yake ni mapishi ya Mji, yaani Istanbul, ambao Wagiriki huuita Mji tu bila kuongeza neno. Mkazo ukihama, mapishi yanakuwa ya kisiasa. Mwaka 1964, mgogoro wa Wagiriki na Waturuki wa kisiwa cha Cyprus ulipopamba moto, serikali ya Uturuki iliwafukuza Wagiriki wa Istanbul waliokuwa na uraia wa Ugiriki, wapatao 12,000, kila mmoja akiruhusiwa mzigo wa kilo 20 na lira 200, na maelfu ya jamaa zao waliokuwa raia wa Uturuki wakaondoka pamoja nao. Katika familia ya Fanis, mtoto aliye mhusika mkuu wa filamu, baba ni raia wa Ugiriki na babu mzaa mama ni raia wa Uturuki. Kwa hiyo mtoto anaondoka na wazazi wake, na babu anabaki na duka lake la viungo, lile alilomfundishia mjukuu elimu ya falaki kwa pilipili manga iliyo jua na mdalasini ulio Zuhura. Boulmetis hakuyasikia haya kwa watu, kwani naye alizaliwa Istanbul mwaka 1957 na akahamia Ugiriki akiwa mtoto.

Kinachonigusa zaidi ni Athens, wanakohamia. Baba analalamika kwamba Waturuki waliwafukuza kwa kuwa ni Wagiriki, na Wagiriki wakawapokea kama Waturuki. Mtoto naye, kwa kuwa hana raha penginepo ila jikoni, anaonekana kama mgonjwa wa kutibiwa, na jiko linapigwa marufuku. Hapo nilicheka peke yangu, maana shangazi yangu kule Tanga alikuwa akinitoa mekoni kwa mwiko, akisema mwanamume hakai na masufuria, ilhali yeye ndiye aliyeniita nionje kama bizari nyembamba imezidi. Babu wa Fanis angemuunga mkono kuhusu bizari: kwake ni kiungo kikali kinachowafanya watu wajifungie ndani ya nafsi zao, na kababu hutaka mdalasini, ili walaji watazamane machoni.

Kisha kuna zile sekunde tano. Baba anakiri kwamba siku ya kufukuzwa, ofisa alimnong'oneza kuwa akisilimu wataachwa wakae, naye akasita kwa sekunde tano kabla ya kujibu. Hakusita kwa sababu ya dini. Aliupenda mji ule mno. Mimi ni Mwislamu, na nilidhani maneno yale yangeniudhi. Hayakuniudhi, kwa sababu filamu haimtukani mtu wala dini ya mtu. Inamwonyesha mwanamume mwenye haya mbele ya jamaa zake.

Lakini ukarimu huo una mpaka wake, na mpaka huo ni Saime, msichana wa Kituruki aliyekuwa akimchezea Fanis ngoma dukani huku Fanis akimpikia. Anarudi akiwa mtu mzima, mzuri, mwenye huzuni, ila karibu kila anachofanya kinapimwa kwa moyo wa Fanis. Wagiriki wamepewa mabishano yao, uchoyo wao, hata mikosi yao ya jikoni; yeye amepewa macho. Ningempunguzia Fanis dakika mbili za kutazama nyota, nimpe Saime akae mezani aeleze ilikuwaje kwake asubuhi ile alipopita mbele ya nyumba ya rafiki yake akakuta madirisha yamefungwa.