Siku moja na kodiani isiyo na ndimi

Saa 12 asubuhi. Cha kwanza kukitazama ni taa ya chaji. Imewaka kijani, alhamdulillahi. Kodiani yangu ya zamani, kinanda cha kuvaa kifuani, ile ya ndimi za chuma (vibamba vyembamba vinavyotetemeka hewa ikipita), haikuwahi kunidai umeme hata siku moja. Hii ya kidijitali niliinunua kwa sababu moja tu: nifanye mazoezi usiku bila kugombana na mtu.

Saa 2. Mkono wa kushoto peke yake. Vitufe 120, mistari 20 yenye vitufe 6 kila mmoja, vimepangwa vilevile kama kwenye kodiani za kawaida. Vidole havina habari kama ndani mna chuma au umeme. Wanaodhani mashine itawapigia wenyewe waje wakae nami saa hii.

Saa 4. Anaingia mzee mmoja, mpigaji tangu ujana wake, amesikia nina "dude la umeme".

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lilete."

Anavaa mikanda, anabonyeza. Kimya. Anabonyeza tena, safari hii kwa hasira kidogo.

"Limekufa?"

"Vuta mivukuto, mzee."

Anavuta ule mfuko wa hewa wa kukunjana ulio katikati, sauti inatoka, naye anaangua kicheko. "Kumbe nalo linataka pumzi! Sasa pumzi yenyewe inakwenda wapi, na ndimi hamna?"

Nimeulizwa mengi kuhusu chombo hiki, ila hili ndilo swali. Kwenye kodiani yake hewa hupita kwenye ulimi wa chuma, ulimi ukatetemeka, tukapata sauti. Kwenye yangu hewa huingia na kutoka kwenye tundu, basi. Kazi yake ni kuupa mkono kitu cha kushindana nacho. Kihisi kinapima shinikizo lake na kuligeuza namba, kuanzia 0 hadi 127, na namba hiyo ndiyo inayoiamuru sauti ya ndani ipande au ishuke. Nikamwonyesha kidude cha kubana na kupanua lile tundu. Alikizungusha mara nne, tano, akivuta na kusukuma, mpaka mkono wake ukakubali.

Kisha akataka ile sauti ya mawimbi, ya ndimi mbili zinazopishana kidogo. Kwake fundi huitafuta kwa kukwaruza chuma: ukikwaruza nchani sauti inapanda, ukikwaruza shinani inashuka, na ukizidisha umeuharibu ulimi. Mimi nilifungua menyu, nikaacha sauti moja kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, ya pili nikaipeleka 443. Tofauti ni 3, kwa hiyo sauti inapiga wimbi mara 3 kwa sekunde. Mzee akainamisha kichwa akasikiliza muda mrefu.

"Sauti ni yenyewe," akasema. "Ila halina harufu."

Sikuwa na jibu. Ile harufu ya nta na ngozi naikumbuka hata mimi.

Saa 7 mchana. Kijana mmoja kaniandikia: anunue ipi? Kampuni ya Roland wako kwenye kazi hii tangu 2004 walipotoa V-Accordion za kwanza, kodiani zao za kidijitali, na kampuni ya Korg nao wameingia na yao, Fisa Suprema. Nimemwambia akazivae zote mbili begani kwanza, asinunue kwa kutazama video. Uzito hauonekani kwenye video.

Saa 9. Mazoezi na bendi, na hapa ndipo siku ilipoharibika. Nilichomeka waya wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme hutumiana maagizo, kutoka kodiani hadi kwenye sintesaiza (kinanda cha umeme) ya mwenzetu, nipate vinanda vya nyuzi chini ya sauti yangu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Tulipomaliza nikafunga mivukuto, na mwenzangu akaanza kupiga utangulizi wa wimbo wa pili. Haikutoka hata noti.

"Kaka, kinanda changu kimekufa!"

Tukabadilisha waya, tukabadilisha spika, tukazima na kuwasha. Dakika 40. Fundi mitambo alikuwa ameshaanza kututazama kwa jicho baya nilipogundua kwamba mchawi ni mimi. Mivukuto ikisimama, kodiani hutuma ujumbe namba 11, ule wa kupandisha na kushusha sauti, ukiwa na thamani ya 0. Sintesaiza ikatii, ikajinyamazisha, ikabaki hivyo kwa sababu hakuna aliyevuta tena. Wote wawili tulikuwa chaneli 1, yaani njia moja ya ujumbe, ilhali MIDI ina chaneli 16! Nikahamia ya 2, nikaipa sintesaiza yake sauti nyingine ya kunipokelea huko, mambo yakanyooka. Kitabu cha maelekezo kinalitaja jambo hili kwa mstari mmoja, ukurasa wa mwisho mwisho. Sijui waandishi wa vitabu hivi humwandikia nani.

Saa 1 usiku. Nahifadhi mipangilio ya leo kwenye flashi. Nilishawahi kupoteza mipangilio ya miezi miwili, sirudii.

Saa 4 usiku. Hedifoni za waya masikioni. Zile za bluetooth nilizijaribu: kidole kinabonyeza, sauti inafuata baadaye kama mwangwi, utadhani unafukuzana na mtu. Napiga wimbo wa pili wa leo, ule uliotuaibisha, taratibu, tena na tena. Masikioni mwangu ni bendi nzima. Mke wangu aliyelala pembeni anasikia vitufe vikigonga na mivukuto ikihema.

"Baba," anasema bila kufumbua macho, "hilo jitu lako lina pumu."