Waya uliokatika ndani kwa ndani

Pikapu yangu ya 1986 ilinizimikia njiani kutoka Chake kwenda Wete, hapa Pemba, nyuma nina magunia ya karafuu kavu na wingu limeshatanda. Starta inazungusha vizuri, petroli ipo. Nikachomoa plagi, nikailaza juu ya chuma cha injini, kijana akapiga ufunguo: hakuna cheche.

Nikaivuta hadi nyumbani. Koili, inayotengeneza umeme mkali wa cheche, inapata volti 12, lakini taa ya kupimia nilipoiweka upande wa hasi haikupepesa injini ikizungushwa. Kwa hivyo hakuna kinachokata umeme wa koili, na usipokatwa cheche haitoki. Gari hii haina platini, ile swichi ya kizamani ya kukata umeme huo; kazi hiyo inafanywa na boksi la elektroniki, likipokea ishara kutoka koili ndogo iliyomo ndani ya distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi.

Ami yangu akasema, "Mwanangu, nunua boksi jengine tu." Bei yake ni mavuno ya mkarafuu mzima! Nikakataa.

Nikaipima ukinzani ile koili ndogo: omu 160, nzima. Hapo ndipo wengi hukosea: hupima mara moja tu, wakaacha. Nikatia mdomo kwenye mpira wa vakyumu, ule wa distribyuta ambao injini huunyonya ikiwaka, nikanyonya. Sahani ya ndani iliyobeba koili ndogo ikasogea, na mita ikaonesha njia imekatika. Nikaachia, 160 ikarudi. Nikauvuta waya wa koili ndogo taratibu kwa vidole. Ganda jekundu likarefuka kama mpira. Ndani nyuzi za shaba zote zimekatika, zinagusana tu.

Nikaunga waya laini wa nyuzi nyingi kwa risasi ya kulehemu, nikauachia ulegee kidogo. Cheche ya buluu, mlio mkali. Magunia yalifika makavu.