Mihogo ya shangazi na somo la ubongo

"Kariri tu, usihangaike kuelewa." Ushauri huo nilipewa na waliotutangulia chuoni nilipoanza neuroanatomia, somo la maumbile ya ubongo na neva, hapa Mtwara, na mpaka leo unaniudhi. Nilikariri kweli. Neva 12 za kichwa nilizitaja kama sala. Likaja jaribio: picha ya sitiskani (eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande), damu imevilia ubongoni upande wa kulia wa picha. Mgonjwa amepooza mkono upi? Nikajibu wa kushoto bila kusita, kwa kuwa ubongo wa kulia unatawala mkono wa kushoto. Nikakosa.

Picha ile hupangwa kama vile umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali. Kulia kwa picha ni kushoto kwake! Madesa yetu, yaani noti tunazorithishana, nayo yalichora shina la ubongo upande wa mgongo ukiwa juu, kinyume na picha za wodini. Nikaagiza Dar atlasi iliyotumika, yenye mkao wa hospitali, tumbo juu. Kama elfu tisini na kitu, pamoja na ya basi.

Atlasi peke yake haikunitosha. Jioni moja, Chikongola, nikimmenyea shangazi mihogo ya kukaanga, nikachukua mmoja mnene, nikaulaza chali kama mgonjwa, ubavu wake wa kushoto nikaupaka wino. Nikaukata vipande vya mviringo, nikavitazama kutokea upande wa miguuni. Wino ukaja kulia kwangu. Nilirudia mara nne, mkono unatetemeka kwa furaha.

"We mwanangu, mihogo ya biashara hiyo!"

"Nitakulipa, shangazi."

Siku ya pili nikaongeza nyuzi kuwa njia za neva, mhogo mrefu ukiwa ugwe mgongo (neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo) na medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, juu yake. Uzi mwekundu ni amri za misuli: unashuka na kuvukia upande wa pili mwisho wa medula. Wa kijani ni hisia ya mtetemo: unapanda upande wake ule ule mpaka medula ndipo uvuke. Wa bluu, maumivu na joto, hausubiri. Unavuka mle mle kwenye ugwe, jirani na ulipoingilia. Nikapitisha kisu nusu ya kushoto, usawa wa kifua. Mwekundu na wa kijani niliokata ni za mguu wa kushoto. Wa bluu niliokata ulitoka mguu wa kulia! Mguu mmoja hauna nguvu, mwingine hausikii sindano, na jeraha ni moja. Hilo madesani nilikuwa nimelikariri mara kumi bila kuliona. Kama unasoma haya, shika kisu kabla hujashika kalamu, na tumia uzi wa cherehani. Wa sufu unafumuka ukikata.

Wiki hii nipo kwenye serebela, ubongo mdogo wa kisogoni. Jeraha lake huyumbisha mkono wa upande ule ule, kwa sababu njia zake huvuka mara mbili, zikarudi upande zilikoanzia. Shangazi ameshanitengea mhogo.